Nyinyoro na tunguu lake

Mwezi wa Septemba, udongo wa Morogoro ukiwa umekauka hadi kupasuka, nilikuwa naandaa tuta la mchicha nyuma ya nyumba ninayopanga. Jembe likazama, likakutana na kitu kisicho jiwe wala mzizi, likapita ndani yake kwa mlio wa kitu chenye maji. Nikainama, nikakitoa. Lilikuwa dude la ukubwa wa ngumi ya mtoto, jeupe ndani, limepasuka karibu nusu kwa nusu. Utomvu wake ulinata vidoleni, na haukupita muda mkono ukaanza kuwasha.

Nilinawa, nikarudi kulitazama. Ndani yalionekana matabaka yaliyofumbatana, jingine ndani ya jingine, manene upande wa chini na membamba yakielekea juu, yote yameshikwa na kisahani kigumu pale mizizi inapoanzia. Katikati kabisa, mahali penye giza kuliko pote, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya hindi changa. Nilikigusa kwa ncha ya kisu kikafunguka: vichwa vidogo, vingi, vimebanana kama njiti kwenye kiberiti. Vilikuwa bado havina rangi. Mvua za vuli zilikuwa zimebakiza wiki nyingi, mbingu haina hata wingu, na ua lilikuwa limeshaumbwa.

Hapo nikajua nimekata nini. Novemba ya mwaka uliotangulia, siku chache baada ya mvua ya kwanza, nilitoka asubuhi nikakuta mpira mwekundu umesimama juu ya bua moja lisilo na jani, kando ya karo la kufulia. Sikuupanda. Mwenye nyumba naye alisema hakupanda kitu pale. Jirani yangu, bibi mzaliwa wa Pangani, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua wa michongoma.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Hili ua kalipanda nani?”

Alisogea, akalitazama kama mtu anayemtambua ndugu. “Hiyo nyinyoro. Haipandwi na mtu, inakuja na mvua. Iache tu hapo. Ila watoto wasiichezee.”

Nyinyoro! Mimi kazi yangu ni kuhariri tafsiri, na neno hilo nilikuwa nimelikuta mahali pamoja tu: katika Wimbo Ulio Bora, kwenye Biblia ya Kiswahili ya Union, ambako wafasiri walihitaji jina la ua la mabondeni. Miaka yote nililichukulia kuwa neno la kitabuni, lililookotwa ili mstari upendeze. Kumbe lilikuwa hai, linatamkwa na bibi mwenye kapu la nguo mkononi, tena kwa uhakika kuliko mimi ninavyotamka jina la mtaa wangu. Baadaye nilikumbuka kwamba Askofu Edward Steere, aliyekusanya msamiati wa Kiswahili Unguja katika karne ya 19, aliliorodhesha pia, akaeleza kuwa ni mmea wenye tunguu unaotoa kichwa kikubwa cha maua mekundu. Maelezo hayo yanalingana kabisa na kilichosimama kando ya karo langu.

Wanabotania wanauita Scadoxus multiflorus. Zamani ulihesabiwa chini ya Haemanthus, jina lililotungwa kwa Kigiriki kutokana na damu na ua; mwaka 1976 Ib Friis na Inger Nordal walionyesha kwamba makundi hayo mawili yanapaswa kutenganishwa. Tofauti mojawapo inaonekana kwa macho. Majani ya nyinyoro yana mshipa wa katikati, na vikonyo vyake hukumbatiana hadi vikafanya shina la bandia, kama ufanyavyo mgomba. Jamaa zake waliobaki katika Haemanthus, ambao makazi yao ni kusini mwa Afrika, hawana tabia hiyo. Mpira wenyewe si ua moja. Ni maua mengi, hata kufikia 200, kila moja na vipande sita vyembamba kama nyuzi na stameni sita zinazotokeza nje zikiwa na chavua ya manjano. Ukiutazama kwa karibu, unaona ni anga nzima ya nyota ndogo zilizofungwa pamoja.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Kitu kile nilichokikata, Kiingereza hukiita “bulb”. Neno hilo asili yake ni Kigiriki, ambako lilitaja mmea wa kuliwa wa namna ya kitunguu. Likapitia Kilatini, likatawanyika Ulaya. Taa ya umeme ilipokuja, kioo chake cha mviringo kilifananishwa na kitunguu kikapewa jina hilohilo. Kiswahili kililipokea neno kwenye mwisho wa safari yake. Sisi tulianza na taa: balbu, au globu kama wengine wasemavyo. Maana ya pili ilitufikia, maana ya kwanza ikabaki njiani.

Ndiyo maana siwezi kukubali balbu katika kitabu cha bustani. Niliwahi kuletewa mswada wa kijitabu cha wakulima wa maua, na ukurasa wa kwanza uliagiza balbu zifukiwe kwenye udongo mwepesi. Mkulima anayesoma pale hapewi picha yoyote ya kile anachotakiwa kushika mkononi. Mhariri mwenzangu akapendekeza kiazi, na kwa siku kadhaa nilikubaliana naye, kwa sababu kiazi ni neno la watu wote na kitu chenyewe kinakaa chini ya udongo kimevimba.

Lakini kisu hakikubali. Kata kiazi mviringo: ni nyama moja, imeshikamana, na machipukizi yako juu ya ngozi, kwenye yale tunayoyaita macho. Kata gimbi: nalo ni nyama tupu, kwa sababu gimbi ni shina fupi lililonenepa, na gladiola ya kwenye mashada ya maua hukua kutoka kitu cha namna hiyohiyo. Tangawizi ni shina linalotambaa chini ya udongo. Kiazi kitamu na muhogo ni mizizi. Kata tunguu la nyinyoro, au kitunguu maji cha jikoni kwako usiku huu, nawe utakuta majani. Yale matabaka ni majani, au vikonyo vya majani, vilivyonona kwa chakula cha akiba. Kisahani cha chini ndicho shina lenyewe, limefupishwa hadi likawa bapa. Mimi nakiita kitako. Chipukizi liko katikati, limefunikwa na majani yake kama mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga.

Tofauti hiyo inaubeba mmea mzima. Mkulima hukata kiazi vipande vipande, kila kipande na jicho lake, akavipanda vyote vikaota. Akifanya hivyo kwa tunguu bila kujua, kipande kisicho na kitako kitaoza tu. Kwa hiyo anayeandika kiazi badala ya tunguu hajakosea jina peke yake. Ametoa maagizo ya upandaji yasiyofaa. Istilahi nzuri huja na matumizi yake, na hii inakuja na kisu na jembe.

Tunguu, basi. Neno hili halihitaji kukopwa popote. Liko ndani ya kitunguu, ukiondoa ki- ya mwanzo, na linakaa bila taabu katika ngeli ya li- na ya-: tunguu limechipua, matunguu yamechipua. Hata asiyewahi kulisikia hupata picha ya matabaka mara tu linapotamkwa.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Msikilizaji anayefikiria kitunguu hufikiria sufuria. Nyinyoro ina sumu. Jamii yake, pamoja na amarilisi na krinumu tunazopanda mbele ya nyumba, hubeba kemikali ya likorini na nyingine za aina yake, zinazoleta kutapika na zaidi ya kutapika. Sehemu kadhaa za Afrika nyinyoro imetumika katika sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Neno linalomfanya mtu aone chakula mahali penye sumu lina hatari. Ndiyo sababu naona inafaa tutenge: kitunguu kibaki jikoni, tunguu liende bustanini, na liandikwe pamoja na mwenyewe, tunguu la nyinyoro, tunguu la krinumu. Tena mfundishe mtoto harufu. Jani la kitunguu au la kitunguu saumu likisagwa kiganjani hunuka lilivyo. Jani la nyinyoro halina harufu hiyo. Pasipo na harufu ya kitunguu, hapana cha kupeleka mdomoni.

Bibi alisema nyinyoro haipandwi na mtu, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Baada ya maua huja matunda mekundu ya mviringo, ndege huyachukua. Matunguu mengine husafiri na lori la udongo wa kujazia kiwanja. Mingi ya mimea hii ina mizizi inayojikunja na kufupika, ikilivuta tunguu chini kidogo kila msimu, hadi jembe la kawaida halilifikii. Majani hukauka yote kiangazi, mpangaji mpya anakuta udongo mtupu, anaweka karo la kufulia, na mmea uko pale chini yake, umetulia. Nadhani hilo langu lilikuwapo kabla hata ya nyumba kujengwa.

Tangu siku ile nimekuwa mtazamaji wa vitu vinavyochomoza bila mwaliko, na watu huniletea picha kwenye simu wakiuliza. Huwa nauliza kwanza kama bua lina uwazi ndani. Amarilisi ya madukani, yenye maua makubwa kama tarumbeta, ina bua lenye uwazi, nayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwa wanabotania jina lake ni Hippeastrum. Jina la Amaryllis lenyewe liligombewa miaka mingi, hadi mkutano wa kimataifa wa botania wa Berlin mwaka 1987 ulipoamua libaki kwa mmea wa Afrika Kusini, ambao bua lake limejaa. Baada ya bua nauliza mbegu. Hippeastrum hutoa mbegu nyeusi, bapa, nyepesi kama karatasi. Krinumu hutoa mbegu nene zenye nyama, ambazo huweza kuota zikiwa juu ya udongo, hata bila maji. Yale maua madogo ya waridi yanayojaza nyasi siku chache baada ya mvua kubwa ni Zefiranthesi, nayo yametoka Amerika. Na ua jekundu lenye kingo za manjano linalopanda kwa ncha za majani yake, Gloriosa, halina tunguu hata kidogo: chini kuna kiazi kirefu kilichopinda, chenye sumu ya kolkisini. Wengi huyaita haya yote lili, au yungiyungi. Yungiyungi ni la majini. Tulipe heshima yake tuliache huko.

Nirudi kwenye lile nililolikata. Nusu moja ilikuwa imepoteza kitako chote, na baada ya wiki mbili ikawa uji mweusi. Nusu ya pili ilibaki na kipande cha kitako kama nusu ya sarafu. Niliiacha kivulini jeraha likauke, nikaifukia kwenye kopo la mchanga, shingo ikichungulia, nikaiwekea maji kidogo kidogo. Kile kichwa cha maua nilichokichokoa kwa kisu hakikuwa na la kufanya tena. Novemba mvua ilipofika, nyinyoro ya kando ya karo ilichomoza mpira wake kama mwaka uliopita, na kopo langu likawa kimya.

Mwezi wa Februari nilifukua kwa kidole. Matabaka ya zamani yalikuwa yamesinyaa kama ngozi, na katikati ya mawili kati ya hayo, palepale yalipoungana na kitako, palikuwa na vitu viwili vyeupe, vimeviringana, kila kimoja kidogo kuliko punje ya kunde, kimoja tayari kimetoa uzi wa mzizi. Nilikuwa nimekwisha kuliandaa neno kichwani: vitunguu, kwa maana yake halisi ya matunguu madogo. Kisha nikakumbuka sufuria, nikasita.

Nilichukua kopo nikampelekea bibi. Alivaa miwani, akainamisha kopo kwenye mwanga wa mlango.

“Ah,” akasema, “imeshazaa watoto.”

Ni neno lilelile tunalotumia kwa mgomba. Kwenye mswada ule wa kijitabu, mahali palipoachwa wazi, niliandika: watoto wa tunguu.