Kabureta, kompyuta na mvuta moshi

Upo ubishi usiokwisha katika gereji zetu, kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Fundi mmoja atakuapia kwamba gari ni la kabureta, maana likizima njiani utaliamsha kwa bisibisi na pumzi ya kinywa chako. Mwenzake atakujibu kwamba zama hizo zimepita. Gari ni EFI, ambalo petroli yake hupimwa na kompyuta. Juma hili nataka tutazame ubishi huu ulikotoka, kwa sababu wanaobishana humsahau mtu wa tatu, naye ndiye aliyeuamua: yule apitaye kwa miguu akivuta moshi.

Tuanze na kabureta yenyewe. Injini huchoma petroli iliyochanganywa na hewa, na kipimo kilicho sawa ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Mnamo mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya kunyunyiza, na kwa karibu miaka mia moja magari ya dunia yakaendeshwa kwa wazo hilo. Injini ikivuta, hewa hupita kwenye koo jembamba, mwendo wake huongezeka na shinikizo lake hushuka. Hapo petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo ambalo mafundi huliita jeti. Kazi yote hiyo haihitaji kompyuta.

Kasoro yake ni kwamba haijui ilipo. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, hukuta hewa nyepesi lakini huendelea kumimina petroli nyingi. Gari hukohoa, hutoa moshi mweusi, na plagi huota masizi.

Wapo walioona mapema kwamba afadhali petroli isukumwe kwa pampu na kupulizwa na injekta. Mwaka 1954 Mercedes-Benz 300 SL lilitoka na mtambo wa namna hiyo, bila elektroniki yoyote. Hata kwetu haukuwa mgeni. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda mashindano ya East African Safari kwa Peugeot 404 la injekta, kwenye matope na vumbi letu hili hili. Kwa hiyo anayedai kwamba injekta haziziwezi barabara za Afrika, historia inamkana.

Kompyuta ilijikwaa mwanzoni. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilibuni mtambo wa kielektroniki, na Chrysler ikaufunga katika magari machache ya mwaka 1958. Ulisumbua mno, na mengi ya magari hayo yakavishwa kabureta. Baadaye Bosch ya Ujerumani ilipata haki ya kutumia ubunifu huo, na mwaka 1967 ikauleta upya katika Volkswagen 1600 yaliyopelekwa Marekani.

Kwa nini Marekani? Kwa sababu ya hewa ya Los Angeles. Miaka ya 1950 mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliowachoma watu macho mjini humo ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari uliopigwa na jua. Sheria ya mwaka 1970 ikawataka watengenezaji wapunguze sumu kuu za moshi kwa asilimia 90. Wakaja na chombo cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, nacho kilikuwa na masharti mawili: petroli isiwe na risasi, na mchanganyiko usikosee kipimo. Sharti la pili liliishinda kabureta. Mwaka 1976 Volvo ikatoa gari lenye sensa inayonusa moshi na kuiarifu kompyuta. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, kabureta ilikuwa karibu imetoweka katika magari mapya ya Marekani na Ulaya.

Kwetu mambo yalikuja kinyumenyume. Magari ya mitumba kutoka Japani yaliingia kwa wingi miaka ya 1990, wakati petroli yetu ingali na risasi, nayo huua chombo kile. Mwaka 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka. Fundi naye alikabidhiwa kompyuta asiyofundishwa, kisha akalaumiwa kwa kutoijua.

Ndiyo maana simcheki anayeng'oa EFI na kufunga kabureta. Kisanduku cha kompyuta ni ghali, na watoto wanangoja chakula. Lakini nathubutu kusema bei iliyobaki hulipwa na mama auzaye vitumbua kituoni. Mwenye gari la zamani la kabureta na alitunze, alirekebishe kila msimu. Mwenye EFI asirudi nyuma. Na wenye mamlaka wampe fundi wa chini ya mwembe mafunzo na kipimo, kabla ya kumpa faini. Mapafu hayana vipuri.