Majina ya Yerusalemu

Wasomaji wetu, kila watajapo mji ule ulioko juu ya milima ya Yuda, hawautaji wote kwa jina moja. Mkristo husema Yerusalemu, kama asomavyo katika Biblia; Mwislamu wa pwani, aliyezisikia habari za Miraji tangu utoto, husema Baitul-Mukadasi; na aliyekaa Maskati au Misri husema Al-Kudsi. Mji ni ule ule. Basi mtu akitaka kufahamu kwa nini watu wameugombania karne hata karne, asianze na vita, maana vita vyake ni vingi mno. Na aanze na majina. Kwa kuwa karibu kila aliyeutwaa aliona haja ya kuuita upya.

Jina lenyewe ni la kale kuliko wote wanaoligombania. Huko Misri yameonekana maandiko ya laana yapata karne ya 19 kabla ya Kristo, yaliyoandikwa juu ya vyombo vya udongo, nayo yawataja adui za Farao. Na mji mmojawapo, wataalamu wengi husoma jina lake Rushalimum. Tena katika karne ya 14 kabla ya Kristo mtawala wa mji, jina lake Abdi-Heba, alimwandikia Farao barua juu ya mabamba ya udongo, akilia ya kuwa nchi inapotea na kuomba apelekewe wapiga mishale. Humo mji waitwa Urusalim. Daudi alipoutwaa kwa Wayebusi, yapata mwaka 1000 kabla ya Kristo, jina lilikwisha kuwa kuukuu. Naye, kama wafanyavyo washindi, akaiita ngome kwa jina lake mwenyewe, Mji wa Daudi.

Maana yake ni nini? Wengi hupenda kusema “mji wa amani”, kwa kuwa hapo pana shina lile lile la shalom ya Kiebrania na salama yetu ya Kiswahili. Lakini wataalamu wa lugha huelekea zaidi kwenye maana ya “msingi wa Shalim”, na Shalim alikuwa mungu wa Wakanaani, mungu wa machweo. Sisi twaona hii ya pili ina nguvu zaidi, ijapokuwa ile ya kwanza ni tamu zaidi. Nao walimu wa Kiyahudi wa zamani walikuwa na hadithi yao: ya kwamba Ibrahimu alipaita mahali pale Yire, na Shemu, ambaye kwao ndiye Melkizedeki, alipaita Salemu. Mungu akaona, nikilichagua jina la huyu, yule mwenye haki atanung'unika; nikilichagua la yule, huyu atanung'unika. Akayaunganisha yote mawili. Hata katika hadithi, basi, jina la mji huu ni hukumu ya wagomvi wawili.

Wababeli waliuteketeza mji pamoja na Hekalu la Sulemani mwaka 586 kabla ya Kristo; na Warumi, chini ya Tito, wakaliteketeza Hekalu la pili mwaka 70 baada ya Kristo. Lakini jina hawakuligusa. Aliyeligusa ni Kaisari Hadrian. Yeye aliazimu kujenga mji wa Kirumi mahali pale, akauita Aelia Capitolina: Aelia kwa jina la ukoo wake mwenyewe, na Capitolina kwa heshima ya Jupita, mungu mkuu wa Rumi. Wayahudi waliasi chini ya Bar Kokhba tangu mwaka 132 hata 135, wakashindwa vibaya, wakakatazwa kuukaribia mji. Msafiri mmoja Mkristo kutoka Bordeaux, aliyefika mwaka 333, aeleza jinsi Wayahudi walivyokuja mara moja kwa mwaka kulia juu ya jiwe lililotobolewa, wakararua nguo zao, wakaondoka.

Je, jina la nguvu lashika? Lilishika kuliko tunavyodhani. Eusebio, askofu wa Kaisaria, aliandika habari za mateso ya Wakristo, na humo mna jambo lililotokea mwaka 310. Liwali wa Kirumi, Firmilian, alimwuliza mmoja wa wafungwa waliotoka Misri, Mji wako ni upi? Akajibu, Yerusalemu, naye alikuwa na maana ya ule wa mbinguni. Liwali hakuufahamu hata kidogo. Alidhani Wakristo wamejijengea mji mahali fulani ili kupigana na Rumi, akamtesa mtu yule auonyeshe ulipo. Fikirini: liwali akaa Kaisaria, safari ya siku chache tu, wala hajui ya kuwa Aelia ndiyo Yerusalemu. Hata Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, maaskofu wenyewe wakiagiza heshima za askofu wa mji ule, walimwita askofu wa Aelia.

Waarabu walipoutwaa, mwaka 638 hivi, na Patriaki Sofronio akausalimisha kwa Khalifa Umar, walilikuta jina hilo vinywani mwa watu, wakalichukua: Iliya. Hati ya amani, kama At-Tabari alivyoihifadhi, yaelekezwa kwa watu wa Iliya. Na fedha za shaba za Bani Umaya zina maneno Iliya Filastin. Jina la ukoo wa mpagani likawa jina la Kiislamu, na waandishi wengine wa Kiarabu wakalifasiri kuwa “nyumba ya Mungu”! Baadaye yakaja majina mengine: Baitul-Makdisi, ambalo ni ndugu wa neno la Kiebrania la Hekalu, Beit ha-Mikdash, kisha Al-Kudsi, yaani Utakatifu.

Katika mji wenyewe pana mahali ambapo ugomvi wa majina huonekana kwa macho. Khalifa Abd al-Malik alijenga Kuba ya Mwamba, na maandiko ya ndani yataja mwaka 72 wa Hijra, yaani 691 au 692. Lakini jina lililosomwa hapo siyo Abd al-Malik. Miaka zaidi ya mia baadaye Khalifa Al-Maamuni, wa ukoo mwingine uliowaondoa Bani Umaya, aliagiza jina lake litiwe mahali pa lile la kwanza. Mafundi walibadili jina, wakasahau tarehe. Hivyo maandiko yasema kwamba mtu alijenga kabla hajazaliwa.

Wapiganaji wa Msalaba walifanya vivyo hivyo. Waliuteka mji tarehe 15 Julai 1099, wakawaua watu wake bila huruma, Waislamu na Wayahudi. Kisha wakaiita Kuba ile Hekalu la Bwana, na msikiti wa Al-Aksa wakauita Hekalu la Sulemani, ingawa Sulemani hakuujenga. Kwa jina hilo la kukosea mashujaa waliokaa humo waliitwa wa Hekalu mpaka leo. Salahaddini akautwaa mwaka 1187, na majina yakarudi. Waturuki walitawala tangu mwaka 1516 hata Desemba 1917, Waingereza walipoingia.

Habari za karibuni twazipita upesi, maana zajulikana. Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulitaka mji uwekwe mbali, usiwe wa dola yo yote, haikuwa. Mwaka 1948 uligawanyika kati ya Israeli na Yordani. Mwaka 1967 Israeli ikatwaa upande wa mashariki. Mwaka 1980 ikatunga sheria kuwa mji wote ni makao yake makuu, na Baraza la Usalama likatamka kuwa sheria ile ni batili. Mwaka 1988 Wapalestina nao walitangaza dola, na makao yake makuu ni Al-Kudsi. Kwa majina mawili, mji mmoja ni mji mkuu mara mbili.

Kwenye mabango ya barabara za Israeli jina huandikwa kwa Kiebrania, Yerushalayim, na chini yake kwa Kiarabu. Lakini Kiarabu hicho hakianzi na Al-Kudsi. Huanza na Urshalim, jina ambalo Mwarabu hulikuta katika Biblia ya Kikristo ya lugha yake, wala halitumii sokoni. Na Al-Kudsi hufuata, ndani ya mabano.