Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto (Tanzania)
Vyombo vya kijamii vinavyowaunganisha manusura wa ukatili wa nyumbani na huduma. Ziliundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA, 2017/18–2021/22), kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, zikiwakutanisha viongozi wa mitaa, maafisa ustawi wa jamii, polisi na viongozi wa dini. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kumpiga mwenzi. Lakini mke aliyepigwa usiku humkimbilia kwanza jirani au mjumbe wa nyumba kumi, na hapo ndipo ushirikiano wa kamati hizi hupimwa kweli. Manusura huelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hupewa fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu, kisha huenda hospitali. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, chenye tiba, ushauri nasaha, polisi na msaada wa kisheria mahali pamoja. Nyumba salama bado ni chache mno.