HISTORIA FUPI YA DAWA ZA SARATANI YA TITI, NA KWA NINI WAKATI MWINGINE ZINAKATAA



Katika miaka hii kumi mfuko wetu wa jamii umetoa nauli nyingi, na safari ndefu kuliko zote ni ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, mama akitibiwa halafu uvimbe ukaota tena, maneno huwa mengi: karogwa, dawa zilikuwa bandia. Basi nimeona tuiandike historia yenyewe, watoto wetu waisome.

Ocean Road ni hospitali iliyojengwa na Wajerumani, ikafunguliwa mwaka 1897. Mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea kwa sheria ya Bunge. Wakati huo mgonjwa wa kutoka kwetu alivuka Rufiji kwa pantoni, na masika alikwama. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003.

Dawa za dripu nazo zina historia yake. Mwaka 1958 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walitangaza dawa waliyoitoa kwenye majani ya lile ua dogo, la waridi au jeupe, linaloota uani kwetu, asili yake Madagaska. (Majani yenyewe msichemshe, ni sumu.) Mwaka 1976 Gianni Bonadonna wa Italia alionyesha kwamba akina mama waliopasuliwa titi, wakipewa dawa tatu kwa pamoja, saratani hurudi kwa wachache zaidi. Mwaka huo huo Rudolph Juliano na Victor Ling wa Toronto waliona protini ya pekee kwenye chembe zinazokataa dawa. Baadaye ikajulikana kuwa ni pampu: dawa ikiingia, inatemwa nje, hata ile ya ua letu.

Pampu inatoka wapi? Karibu kila chembe ya mwili ina maagizo yote ya urithi, ndiyo jeni, ila haiyasomi yote. Ni kama katiba yetu: siku ya mikopo tunafungua kifungu cha mikopo, siku ya msiba cha msiba. Chembe ya saratani inaweza kufungua kifungu cha pampu isikifunge tena. Dhaifu zinakufa, sugu zinabaki na kuzaana. Na pampu siyo njia yao pekee. Dawa za kuiziba zimejaribiwa miaka mingi, hazijasaidia sana.

Ndiyo maana madaktari huchanganya dawa, na kinyama hupelekwa maabara. Mwaka 2000 Charles Perou na wenzake, Marekani, waliangalia jeni zipi zimefunguliwa, wakaona saratani ya titi siyo ugonjwa mmoja. Inayofuata homoni huweza kutibiwa kwa vidonge vya tamoksifeni. Nyingine haivisikii kabisa.

Basi akina mama, dawa ikikataa siyo mkono wa mtu, wala mgonjwa hana kosa. Lakini uvimbe mdogo una chembe chache, na sugu humo ni haba. Ukiugusa, usingoje korosho ziuzwe. Mwone mweka hazina, sanduku lifunguliwe. Na nauli ya dripu ya pili na ya tatu itoke kama ilivyotoka ya kwanza.

Mwenyekiti