Jamaa Aliyejificha Ndani ya Mashine

Wadau, kila ukifungua simu ni yaleyale. Huyu anasema akili mnemba, hii tunayoiita AI, inakuja kula kazi zetu zote. Yule anasema inakuja kutuokoa, mtoto wa Tandale atasoma sawa na wa Masaki. Leo nawarudisha nyuma kidogo, mwaka 1770, maana kuna mashine "yenye akili" iliyotikisa Ulaya na ndani yake kulikuwa na mtu. Sio fumbo. Mtu kabisa, mwenye magoti na mgongo.

Ilikuwa Vienna, kwenye kasri la Maria Theresa. Fundi mmoja anaitwa Wolfgang von Kempelen akaleta kabati kubwa la mbao, juu yake kuna ubao wa sataranji, nyuma yake limekaa sanamu lenye kilemba na joho la Kituruki. Watu wakalibatiza Mturuki. Kabla ya mchezo jamaa anafungua milango ya kabati mmoja mmoja, anamulika na mshumaa, mnaona magurudumu ya chuma tu. Anafunga, anazungusha ufunguo kama anajaza saa ya ukutani, sanamu linaanza kucheza. Na linakufunga kweli! Mwaka 1809 Napoleon mwenyewe, aliyekuwa anaipeleka Ulaya puta, alikaa mbele yake akapigwa. (Sataranji jamani, sio drafti la vizibo pale kijiweni. Ingawa hata kijiweni sidhani kama angetoboa.)

Siri yenyewe sasa. Humo ndani alikunjwa mchezaji hodari kwenye kiti kinachoteleza. Ukifunguliwa mlango huu anasogea kule, ukifunguliwa ule anarudi huku. Alicheza kwa mwanga wa mshumaa, moshi unatokea kwenye kilemba cha sanamu, na nje iliwashwa mishumaa mingine ili watu wasishtukie. Fikiria joto la humo.

Kabati lilizunguka Ulaya na Marekani miaka mingi, wachezaji wakipokezana. Sifa zilimwendea mwenye kabati. Waliokaa ndani miaka ya mwanzo, mpaka leo hakuna anayewajua kwa uhakika. Mmoja wa mwisho mwisho alikufa kwa homa ya manjano huko Cuba mwaka 1838, wakiwa kwenye ziara, na biashara ikafa naye. Mashine ilikuwepo, nzima kabisa, ila haikuwa na akili tena. Mwaka 1854 ikaungua moto Philadelphia.

Sasa mnajua 2005 kampuni ya Amazon ilifanya nini? Ilifungua tovuti ya vibarua vidogo vidogo, vile ambavyo kompyuta ilikuwa haiviwezi: hii picha ni ya mbwa au paka, unalipwa senti. Wakaiita Mechanical Turk, yaani Mturuki yuleyule! Hata haya hawakuona. Kupitia hapo, watafiti wa Marekani wakajenga hazina ya picha inayoitwa ImageNet, zaidi ya milioni 14, na vibarua karibu 49,000 kutoka nchi 167 ndio waliozipanga, hii mbwa, hii kikombe, hii baiskeli. Mwaka 2012 programu iliyofundishwa kwa picha hizo iliwaacha wenzake mbali, na mbio za AI mnazoziona leo zikashika kasi. Watu wamepata tuzo na mabilioni. Nitajie kibarua mmoja tu kati ya wale 49,000.

Mimi sio adui wa mashine. Kuna programu ya simu inaitwa Nuru, mkulima anaelekeza kamera kwenye jani la muhogo inamwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, hata bila bando. Picha za kuifundisha zilipigwa mashambani hapahapa Tanzania. Kwa bibi yangu mwenye heka moja, hiyo ni kama bwana shamba wa mfukoni. Kwa hiyo matumaini yapo. Ninachouliza ni nani amekaa ndani ya kabati, na analipwa ngapi.

Tuje kwa majirani zetu Nairobi. Kabla ChatGPT haijatoka Novemba 2022, kuna vijana pale walikuwa wanasoma uchafu wa mtandaoni kutwa nzima: mauaji, mateso, watoto kudhalilishwa. Kazi yao kuuwekea alama ili mashine ijue hiki hakifai. Januari 2023 jarida la TIME likatoboa siri. Mkataba ulikuwa dola 12.50 kwa saa kwa kampuni iliyowaajiri. Kijana mwenyewe aliondoka na kati ya dola 1.32 na 2. Kampuni ikajitetea kwamba ile 12.50 ilibeba gharama zote, ofisi na marupurupu. Haya, sawa. Ila kuna waliosimulia kwamba yale waliyosoma bado yanawaandama usiku.

Mei Mosi 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii, waliosafisha Facebook, TikTok na ChatGPT, walikutana kwenye hoteli moja hapohapo Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao cha wafanyakazi. Wengine walikubali kupigwa picha na kutaja majina yao.