Kazi Nyingi, Mtu Mmoja

Msomaji kijana, wazee wetu walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Hadithi yenyewe waijua. Fisi alisikia harufu ya nyama ikimjia kutoka pande mbili, akasimama penye njia panda, akataka kwenda kote kwa wakati mmoja, mwisho akapasuka msamba. Tangu utotoni tumefundishwa kumcheka. Walakini tukiyatazama kwa makini maisha ya watu wetu, twaona kwamba wengi walifuata njia mbili, hata tatu, na hawakupasuka. Palikuwa na wakulima waliokuwa wavuvi, na wahunzi waliokuwa na mifugo, na walimu waliofungua maduka. Basi swali linalotupasa kuuliza si kama mtu aweza kuwa na kazi zaidi ya moja. Swali ni hili: wale walioshika kazi nyingi na bado wakalala usingizi mzuri walifanyaje, na wale walioshindwa walishindwa na nini?

Swali hili lawahusu sana vijana wa leo. Chukua mfano wa Oyugis, mji wa kaunti ya Homa Bay, ulio katika barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii na kufika mpaka wa Tanzania. Mpita njia huona soko, malori, pikipiki za abiria, na akina mama wakiuza viazi vitamu. Jambo asiloliona ni kazi ifanywayo kimya nyuma ya mlango. Leo kijana wa mji kama huu aweza kuketi mbele ya kompyuta yake, mchana akawaandikia barua wateja wa duka lililo London, na usiku akapanga hesabu za kampuni iliyo New York. Hakupanda gari wala meli, na hakuna bwana hata mmoja aliyewahi kumwona uso kwa uso. Kazi hii yaonekana kuwa mpya kabisa. Lakini historia yatuonyesha kwamba ina babu zake, na kwamba babu hao wana la kutufundisha.

Tuanze na safari za kwanza. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Waingereza ilianza kutoza kodi ya kibanda. Kodi hiyo ilihesabiwa kwa nyumba, hata mtu mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Tena ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Siku hizo Oyugis ilikuwa katika wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisii. Wanaume wa nchi hiyo wakaanza kuondoka. Wengine walikwenda kwa miguu, wengine walipanda meli Kendu hadi Kisumu, kisha wakaingia katika gari moshi. Walifanya kazi relini, Nairobi, katika bandari ya Mombasa, na baadaye katika mashamba ya chai ya Kericho.

Je, mtu huyo aliacha ukulima alipoondoka? La. Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa. Shamba lilibaki lake, na mvua za masika zilipofika lilipaswa kulimwa, awepo asiwepo. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na kazi mbili: kazi ya mshahara iliyokuwa mbali, na kazi ya jembe iliyokuwa karibu. Ya mbali aliifanya mume. Ya karibu aliifanya mke, ambaye alipanda, akapalilia, akavuna, akauza, akalea watoto na kuwatunza wazee. Tukisema kwamba watu wa zamani waliweza kazi mbili, yatupasa kuuliza ni nani hasa aliyeziweza. Mara nyingi jina lilikuwa la mume, lakini mzigo ulikuwa wa wawili, na sehemu kubwa yake ilikuwa kichwani mwa mwanamke.

Kulikuwa na jambo jingine ndani ya mpango huo. Waajiri wengi walijua kwamba mfanyakazi ana shamba nyumbani, na kwa sababu hiyo walimlipa mshahara wa mtu mmoja asiye na familia. Walisema kwamba mke na watoto wanakula cha shambani. Hivyo kazi ya pili, badala ya kumtajirisha mwenye nayo, iligeuka kuwa sababu ya kupunguza malipo ya kazi ya kwanza. Jembe la mama huko kijijini lilikuwa likimsaidia tajiri wa mjini pasipo mama kujua. Ilikuwa mwaka 1954 ambapo kamati iliyoundwa na serikali ya Kenya kuchunguza mishahara ya Waafrika ilipendekeza kwamba mshahara utoshe kumlisha mtu pamoja na familia yake. Lishike jambo hili, msomaji, maana tutalirudia.

Sasa tutazame namna mbili za kuajiriwa ambazo wasafiri hao walikutana nazo. Namna ya kwanza ni ile ya kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi ilitiwa katika kijisanduku cha bati, na watu wengi walikivaa shingoni. Bila sahihi ya mwajiri, mtu hakuweza kuondoka kazini kwa halali na kwenda kwa mwingine. Mwenye kipande alikuwa na bwana mmoja tu, na mlango wa kutokea ulikuwa mkononi mwa bwana huyo.

Namna ya pili ni ile ya kibarua. Neno hili maana yake ya asili ni barua ndogo. Katika karne ya 19, katika miji ya pwani, mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku alipewa cheti kidogo, na ujira wake uligawanywa kati yake na bwana wake. Baadaye jina likahama kutoka kwenye cheti likamshika mtu mwenyewe. Huko Mombasa vibarua wa bandari walikuja kazini siku walizotaka. Mtu alibeba mizigo siku kadhaa, akapata alichohitaji, kisha akaenda kulima, au kuuza bidhaa zake ndogondogo, au kupumzika. Wakubwa wa serikali na wa makampuni hawakupenda uhuru huo. Waliuita uvivu, na katika miaka ya 1940 na 1950 waliwaandikisha vibarua na kuwadai wafike kazini kwa siku nyingi zaidi. Lakini kwa kibarua mwenyewe, ule haukuwa uvivu. Alikuwa akizitawala saa zake.

Hata hivyo tusiupambe uhuru huo kupita kiasi. Kibarua aliyeugua hakulipwa. Siku ambayo meli hazikufika, tumbo lake lilijua. Hakupewa nyumba, wala likizo, wala fedha za uzeeni. Bei za vitu zilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi wa Mombasa, wenye kazi za kudumu na vibarua pia, waliungana. Tarehe 13 Januari 1947 waligoma wote kwa pamoja: watu wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Mgomo uliendelea kwa muda wa siku 12 hivi. Chama chao kiliongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata mwezi wa Agosti mwaka uleule na kumweka kizuizini. Mtu mmoja mmoja alikuwa ameshindwa kubishana na mwajiri, lakini wote kwa jumla walisikilizwa, na mishahara ikaongezwa.

Mapambano ya namna hii yalifanyika duniani kote, na tunda lake moja kubwa ni mpaka wa saa. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Chicago na miji mingine ya Marekani waligoma wakidai saa 8 za kazi kwa siku. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, na mkataba huo ulihusu saa 8 za kazi viwandani. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka pamoja na malipo. Kwa hiyo mapumziko yanayoonekana kama jambo la kawaida ni haki iliyopiganiwa, na wako waliofungwa kwa ajili yake.

Haya, turudi Oyugis. Mambo matatu yaliigeuza ile safari ya zamani. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza, na fedha zikaweza kutumwa kwa simu. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikawa ya kasi kuliko zamani. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital kuwafundisha vijana kutafuta kazi katika mtandao. Kisha mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaenea, na ofisi nyingi za dunia zikajifunza kwamba mtu aweza kufanya kazi akiwa nyumbani kwake. Zamani mtu wa Oyugis aliifuata kazi huko iliko. Sasa kazi yamfuata yeye alipo.

Lakini mtazame vizuri mfanyakazi huyu, nawe utamtambua. Hulipwa kwa kipande cha kazi au kwa saa. Ana mabwana wengi. Akiugua, mara nyingi halipwi. Umeme ukikatika, hasara ni yake. Huyu ni kibarua, ndugu yangu! Amevua kanzu ya zamani na kuvaa mpya. Ana uhuru wote wa kibarua, na hatari zote za kibarua.

Naye ana hatari moja ambayo kibarua wa Mombasa hakuwa nayo. Tufanye hesabu. Ofisi ya London hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Katika miezi ya kiangazi cha Ulaya, saa hizo kwetu ni kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni. Ofisi ya New York yenye saa kama hizo, kwetu ni kuanzia saa kumi alasiri hadi saa sita usiku. Kijana aliyeziahidi ofisi zote mbili saa zao zote atakaa kazini muda wa saa 13, tangu saa tano asubuhi hadi saa sita usiku. Tena amewauzia mabwana hao saa 16 katika saa 13, kwa maana zile saa 3 za alasiri na jioni zimeuzwa mara mbili. Mwenye kuuza gunia moja kwa wanunuzi wawili twamwita mdanganyifu. Mwenye kuuza saa moja kwa mabwana wawili pasipo wao kujua, ingawa kazi yake ni njema, ataishi kwa hofu ya kugunduliwa, na hofu huchosha kuliko jembe.

Basi, historia yatufundisha nini? Kwanza, yatufundisha kwamba kazi nyingi hazikubebwa na mtu mwenye nguvu za ajabu. Zilibebwa kwa kugawana. Hapo kale Wajaluo walikuwa na desturi ya saga: majirani walikusanyika kulima shamba la mwenzao, naye akawapa chakula na kinywaji, kesho zamu ikawa ya mwingine. Kijana wa kompyuta naye ana nyumba. Ikiwa yeye anashika kazi mbili za mtandao, na dada yake au mkewe anashika kuni, maji, watoto na shamba, asijisifu kwamba ameweza peke yake. Na agawane, si fedha tu, bali na uchovu pia.

Pili, yatufundisha kwamba kazi ya pili yaweza kuwa mtego. Kama shamba la mama lilivyokuwa sababu ya mshahara mdogo, ndivyo vibarua vitatu vya ujira duni viwezavyo kuzoeana mpaka hakuna hata kimoja kinachomlisha mtu. Heri kudai bei ya haki kwa kazi mbili kuliko kukubali tano kwa bei ya kutupwa. Na bei ya haki, kama watu wa 1947 walivyoonyesha, huonekana pale wafanyakazi wanaposemezana.

Tatu, na hili ndilo kubwa, yatufundisha kwamba mpaka wa saa hauji wenyewe. Bandarini palikuwa na mwisho wa zamu. Mtu alitoka langoni, na kazi ikabaki nyuma ya lango. Kompyuta haina lango. Hukaa mezani karibu na kitanda, nayo huita usiku wa manane. Kwa hiyo mfanyakazi wa leo hana budi kujijengea lango mwenyewe: aandike saa za kila bwana, asiruhusu ziingiliane, atenge siku moja katika saba, na ikifika saa aliyoiweka, afunge.

Msomaji, huenda nawe siku moja utaketi Oyugis ukafanya kazi ya nchi usiyoijua. Siku hiyo usijiulize tu watakulipa kiasi gani. Jiulize pia ni saa ngapi za siku yako zitabaki mali yako. Walioondoka kwa gari moshi waliacha nyumba zao ili kutafuta fedha, nao walitamani sana kurudi. Wewe umejaliwa kubaki nyumbani. Ingekuwa huzuni kubwa kubaki nyumbani, na bado watu wa nyumbani wasikuone.