Moto Ubaki Nje: Historia ya Joto la Nyumba Hapa Likasi

Mwezi wa saba umeingia na baridi ya kipwa imetukamata. Muji wetu uko karibu metre 1,300 juu ya bahari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10, na mwenye kulala juu ya sementi ao chini ya bashi hana haja ya kuambiwa maana yake.

Pita Kikula ao Panda saa kumi na mbili ya jioni. Mbabula ziko mbele ya kila mulango, watoto wanapepea makala na kipande cha karto, bukari inapikwa, watu wanakaa kuzunguka moto. Rudia njia hiyo saa tatu. Mbabula hazionekani tena. Zimeingia ndani, na milango imefungwa. Leo nataka kuwaeleza historia ya hizo hatua mbili, toka kizingitini mpaka chumbani, sababu kila mwaka kuna watu wanazivuka jioni na asubuhi hawatoki.

Mimi mwenyewe nilizivuka. Nilikuwa kijana, tulilala watatu katika chumba kimoja na mbabula katikati, makala mekundu, moshi hakuna. Usiku niliamka kichwa kinapasuka na miguu hainisikii. Nilifika mulangoni kwa kutambaa. Kama nisingebanwa na haja ndogo, pengine ningeendelea kulala, na habari hii angeiandika mutu mwingine.

Makala si kitu kigeni kwetu. Mbele ya Wazungu, Basanga na kisha Bayeke waliyeyusha mukuba katika nchi hii, upande wa Kambove na hapa hapa Likasi. Walioijua kazi hiyo waliitwa wala mukuba, maana shaba ndiyo iliyowalisha. Kazi ilifanyika wakati wa kipwa, mavuno yakiisha kuingia gala. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala na mawe ya kijani ya malakiti, wakavuvia kwa mivukuto mpaka shaba ikatiririka. Kutoka humo ndimo zilitoka zile misalaba ya shaba ambazo mpaka leo ni alama ya Katanga. Ninachotaka mukikumbuke ni kwamba tanuru hiyo ilikuwa inje, kwenye upepo. Na katika nyumba ya bankambo moto uliwaka ndani, ndiyo, lakini nyumba yenyewe ilikuwa ya miti, udongo na majani. Moshi ulipenya kwenye majani ya juu ukatoka. Macho yaliuma, lakini nyumba ilipumua.

Kisha ikaja kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Njia ya treni kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1913 ikafika upande wa Kambove, na mwaka 1918 ikafika Bukama. Watu wakaletwa kazini kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Kasai, kutoka Maniema, na baadaye kutoka Rwanda na Burundi. Kila mumoja alikuja na chakula chake, lugha yake na namna yake ya kuota moto. Jina mbabula lenyewe ni ushuhuda wa safari hizo: ukienda Zambia utasikia mbaula, ukifika Afrika Kusini utasikia imbawula. Ni chombo kimoja, bati ao ndoo ya zamani iliyotobolewa matundu, kimefuata migodi na reli kama vile watu walivyozifuata. Mafundi wetu sokoni wanakitengeneza mpaka leo kwa mabati ya mapipa.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mawazo. Badala ya kubadilisha wafanyakazi kila wakati, ilitaka wakae na wake na watoto wao. Ndipo makambi ya matofari yakaenea: ukuta mugumu, bati ao manjanja juu, mulango wa mbao, dirisha dogo. Wazee waliona fahari, na walikuwa na haki. Mvua haikuingia tena. Lakini upepo pia haukuingia. Nyumba ilibadilika, moto haukubadilika. Baadhi ya nyumba za Wazungu zilijengwa na shemine ya kutolea moshi. Huku kwa wafanyakazi, mbabula ilibebwa mikononi ikawekwa chini ya kitanda cha nyumba isiyopumua.

Hapo ndipo hatari ilipoanza, na lazima niieleze vizuri maana wengi wanaikosea. Makala yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Katika damu inakamata mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Moshi mweupe ukiisha na makala yakiwa mekundu, watu wanasema sasa mbabula imekuwa safi, tuingize. Kumbe huo wekundu ndio unaotudanganya. Wengine wanaweka beseni ya maji karibu eti maji yanakula gazi. Maji hayaili. Gazi hiyo haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumuokoa mutu.

Sasa ngoja niwapeleke mbali kidogo, kwa watu wa inchi za baridi, sababu wao pia walisumbuka na jambo hili na jibu lao lilipita mbele ya macho yetu. Walijiuliza: tunaweza kuacha moto mahali pake, tukabeba joto peke yake? Jibu lilikuwa maji. Mwishoni mwa karne ya 18 James Watt, yule Muskoti wa mashini za mvuke, alipasha chumba chake cha kazi kwa mvuke uliopita ndani ya chuma. Katika karne ya 19 zikatokea radiata: moto uko chini ya nyumba, mvuke ao maji ya moto yanapanda katika mabomba, chumba kinapata joto bila moshi. Katika treni za Uingereza na Ufaransa abiria walipewa chombo bapa cha chuma chenye maji ya moto, wakakiweka chini ya miguu, na kikipoa kilibadilishwa stesheni.

Kwa nyumba isiyo na mabomba walifikiria radiata ya kubeba. Ni chombo cha chuma chenye uwazi ndani na maji kidogo chini. Unakiweka juu ya jiko la kupikia, maji yanachemka, mvuke unajaa mpaka juu, kisha unakibeba mpaka chumbani. Mvuke ukigusa chuma kinachopoa unageuka tena maji na kuacha joto lake. Na joto hilo si dogo: kilo moja ya mvuke ikigeuka maji inatoa zaidi ya mara tano ya joto linalotakiwa kuchemsha kilo moja ya maji yaliyo baridi kama barafu. Kule Chicago kampuni ya James B. Clow & Sons iliuza ndugu yake, radiata ya mvuke iliyosimama peke yake na moto wa gazi chini yake. Lakini huyo ndugu alirudisha moto chumbani, akahitaji naye bomba la kutolea hewa chafu. Ile ya kuwekwa jikoni ilikuwa na akili zaidi kwa maoni yangu, ingawa ilipoa upesi na chombo cha mvuke kilichofungwa vibaya kinaweza kupasuka kama bomu.

Sisi tulikuwa na mvuke wote wa dunia hapa. Tuliiita gari la moshi, lakini haikutembezwa na moshi. Ilitembezwa na maji yaliyochemka. Kwa miaka karibu 40 mashini hizo zilipita hapa, na hakuna aliyemuletea mufanyakazi radiata chumbani. Mvuke ulikuwa wa kubeba mukuba. Halafu umeme ukaja, nao ulianza kwa mukuba vilevile: kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, na bwawa la Mwadingusha kwenye muto Lufira likaanza mwaka 1930. Mwaka uliofuata muji ukapewa jina Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa Ubeleji, jina lililokaa mpaka 1966. Mwaka 1952 reli kutoka hapa kwenda Tenke ikatiwa umeme, na mvuke ukaanza kutoka katika maisha yetu. Waliopata resho ya umeme nyumbani waliisahau mbabula kwa muda. Umeme ulipoanza kukatika, mbabula ilirudi, na haijaondoka.

Stesheni hiyo ina historia nyingine, na wengine kati yenu mnaijua kwa mwili. Mwaka 1992 na 1993 maelfu na maelfu ya jamaa zenye asili ya Kasai walifukuzwa kwenye nyumba na kazi zao hapa Katanga. Katika Likasi walijaa stesheni na mashule, wakingojea treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuzaliwa. Kuna waliongoja miezi. Watoto na wazee wengi walikufa kwa magonjwa, mbele ya safari na ndani ya safari. Sitaki kuongeza neno juu ya hilo, ila kusema kwamba muji huu unajua tangu zamani maana ya jamaa kulala mahali pasipo nyumba. Tangu hapo wengine wamekimbia vita upande wa Manono, Mitwaba na Pweto, na mahali popote mutu anapokimbilia, kitu cha kwanza anachonunua ao kuazima ni sufuria, na cha pili ni mbabula.

Kwenu ninyi muliolala chini ya bashi, ao watu kumi katika chumba kimoja cha kupanga, nawaomba mutengeneze radiata yenu. Nyanya yangu alikuwa nayo bila kujua jina lake. Alipomaliza kupika aliweka mawe mawili makubwa, makavu, pembeni ya makala, akayafunga kwa kikwembe kizee akayaweka miguuni kwetu. (Jiwe la mutoni usiliweke motoni, maji yaliyomo ndani yanaweza kulipasua.) Siku nyingine alitumia maji. Chemsha maji inje, kwenye mbabula ileile. Changanya na maji kidogo ya baridi ili bido ya plastiki isilegee, funga kifuniko sana, zungusha kikwembe mara mbili, weka chini ya blanketi mbele ya kulala. Kwa mutoto mudogo, bido iondolewe wakati anapowekwa kitandani, maana ngozi yake inaungua upesi. Mwenye buyoti ya mpira atumie hiyo. Na musiweke kamwe motoni kopo ao bido iliyofungwa.

Kama katika nyumba watu wawili ao watatu wanaumwa kichwa pamoja, wanazunguzungu, wanatapika, na mbabula iko ndani, musitafute mchawi wala malaria kwanza. Fungueni mulango, watoeni wote inje kwenye hewa, kisha wapelekeni hospitali hata kama wanasema wamepona.

Wiki hii, kila jioni saa mbili, tutakumbusha kwenye redio. Ukisikia, nenda uangalie mbabula yako iko wapi.